Mbio Haziishi Kwenye Utepe

Mkimbiaji anapokata utepe, wananchi hushangilia na viongozi hutoa zawadi. Kisha uwanja hubaki mtupu, na kila mtu huamini kuwa kazi imekwisha. Kumbe kwa mwili wa mkimbiaji kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Aliyekimbia marathoni amekwenda kilomita 42.195. Nyuzi za misuli yake zimeumia, akiba ya nguvu iliyomo imekaribia kwisha, na katika joto la visiwa vyetu amepoteza maji na chumvi nyingi kwa jasho. Maumivu huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Lakini kupungua kwa maumivu si kupona. Mtu aweza kutembea bila kuchechemea hali misuli bado inajijenga, na huo ndio wakati wa hatari, kwani ndipo anaposhawishika kurudi mbioni.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch ya mwaka 1974, ambako Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, Jack Foster wa New Zealand alipata medali ya fedha ya marathoni akiwa na umri wa miaka 41. Kanuni inayotajwa kwa jina lake ni nyepesi: kwa kila maili ya shindano, siku moja bila shindano jingine wala mazoezi makali. Kwa marathoni ni siku 26. Ni kanuni iliyotokana na uzoefu, na wakimbiaji wengi wameifuata.

Hata hivyo, kupumzika si kulala kitandani. Akifika mwisho wa mbio, mkimbiaji atembee taratibu kwa dakika kumi hivi, ili damu isijikusanye miguuni akaanguka. Anywe kwa kadiri ya kiu, maana maji matupu yakipita kiasi huzimua chumvi ya damu na huweza kuua. Ale wali, muhogo au ndizi, pamoja na samaki au maharage, na alale vya kutosha. Juma la kwanza yatosha kutembea ufukweni au kuogelea pole pole. Juma la pili aanze mbio fupi nyepesi, kisha aongeze kidogo kidogo. Asimeze ovyo dawa za maumivu, kwani baadhi yake huumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Na mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, aende hospitali siku ile ile.

Hapa ndipo tunapowageukia wakuu wa idara, mashirika na vilabu. Wapo wakimbiaji walio askari, wachukuzi, wavuvi na wanafunzi. Hukimbia Jumapili, na Jumatatu alfajiri hutakiwa kwenye gwaride au gati. Anayeshinda huteswa zaidi, kwa kuwa ndiye anayetafutwa kwa shindano lifuatalo.

Hapana budi kalenda ya mashindano ipangwe kwa kuzingatia siku hizo za kupona, na mkimbiaji aliyeajiriwa apewe kazi nyepesi kwa siku chache. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Tukimpongeza Jumapili na kumchosha Jumatatu, tutakuwa tumempa kikombe na kumnyang'anya miguu.