Bustani ya Nyumbani Majira ya Mapukutiko Yanapokaribia

Nchini Uingereza, wataalamu wa hali ya hewa huhesabu majira ya mapukutiko kuanzia tarehe 1 Septemba. Wataalamu wa falaki huyahesabu kuanzia tarehe 22 au 23 ya mwezi huohuo, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Mwenye bustani ya nyumbani ana vipimo vyake viwili: mwanga unaopungua na sakitu inayosogea. London hupata zaidi ya saa 16 za mchana mwishoni mwa Juni, lakini siku fupi kabisa ya Desemba hubakiwa na saa 8 hivi. Mimea hupunguza kasi ya kukua kadiri mchana unavyofupika, hata kabla baridi haijauma.

Sakitu ni umande ulioganda usiku, joto linaposhuka hadi nyuzi 0 au chini ya hapo. Wakazi wa Njombe na Makete, nchini Tanzania, huifahamu, kwa maana huunguza mazao yao katikati ya mwaka. Maji yaliyomo ndani ya mmea hugeuka barafu na kupasua chembe zake. Jua likitoka, majani hulegea na kuwa meusi. Katika milima ya Scotland sakitu huweza kuanguka mapema Septemba. Sehemu nyingi za kusini mwa Uingereza huiona Oktoba au Novemba, na maeneo ya pwani huchelewa zaidi. Kwa kuwa hakuna anayejua usiku wenyewe, kazi za bustani huanza mapema na kufuata utaratibu: kwanza kuokoa kinachoweza kuharibika, kisha kupanda kinachohitaji baridi, na mwisho kuulinda udongo.

Kuvuna na kuhifadhi

Mimea yenye asili ya nchi za joto ndiyo hushughulikiwa kwanza. Nyanya, maboga, maharage, mahindi na mchicha haviistahimili hata sakitu ya usiku mmoja. Nyanya zilizobaki mbichi mwishoni mwa Septemba ni nadra kuivia nje. Huchumwa zikiwa nzima, zikapangwa ndani ya boksi au droo pamoja na ndizi moja iliyoiva. Ndizi hiyo hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo huamsha uivaji. Ndiyo ileile inayofanya kazi mkungu unapovundikwa. Boksi hukaguliwa kila baada ya siku mbili tatu, na nyanya yoyote iliyoanza kuoza huondolewa kabla haijaambukiza nyingine.

Boga hukatwa na kikonyo chake, kirefu kiasi cha kiganja, kwa sababu kikonyo kikichomoka huacha kidonda kinachopitisha uozo. Huanikwa juani au kwenye chumba chenye joto kwa muda wa siku 10 hadi 14 mpaka ganda liwe gumu, kisha huwekwa mahali pakavu penye hewa. Boga lililokaushwa vizuri hudumu miezi kadhaa. Viazi vya kuhifadhi hukatwa mashina yake wiki mbili kabla ya kuchimbwa ili maganda yakomae yakiwa bado ardhini. Baada ya kuchimbwa hukaushwa kwa saa chache na kutiwa katika magunia ya karatasi au ya katani, gizani. Kiazi kinachopigwa na mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini, hivyo hakifai kuliwa.

Matufaha hayavunwi siku moja yote. Tunda hushikwa kwa kiganja kutoka chini, likainuliwa na kuzungushwa kidogo: lililokomaa huachia tawi bila kuvutwa, lisilokomaa hung'ang'ania. Ya kuhifadhi lazima yawe hayana mchubuko wala tundu la mdudu. Kila tunda huviringishwa kwenye karatasi na kupangwa lisigusane na jirani yake, maana moja bovu huozesha mengi. Aina zinazoiva mapema huliwa ndani ya wiki chache, ilhali zinazochelewa, kama Bramley, hukaa hadi baada ya mwaka mpya. Bramley ni tufaha chachu la kupikia ambalo mti wake wa kwanza uliota kutokana na mbegu iliyopandwa mjini Southwell mwaka 1809.

Si kila mboga hukimbizwa ndani. Kabichi ya majani iitwayo kale, ndugu wa sukumawiki, huachwa bustanini na hata huongezeka utamu baada ya sakitu, kwa sababu mmea huongeza sukari katika majani yake ili usigande kwa urahisi. Liki na karoti nyeupe za parsnip nazo huachwa ardhini na kuchimbwa kidogo kidogo zinapohitajika jikoni.

Huu pia ni wakati wa kuweka mbegu. Maharage huachwa yakauke ndani ya maganda yake mpaka yakitikiswa yalie. Mbegu za nyanya hulowekwa na ute wake kwa siku mbili au tatu mpaka ute uchachuke, kisha huoshwa na kuanikwa. Mbegu kutoka mimea chotara haziwekwi, kwa kuwa kizazi chake hakifanani na mmea uliochumwa.

Vinavyopandwa ili vipate baridi

Septemba na Oktoba udongo bado una joto la kiangazi, na mvua zimeanza kurudi. Hali hiyo huifaa mizizi: mmea uliopandwa sasa hujishikiza ardhini kabla ya baridi kali, na majira ya kuchipua yakifika huwa umetangulia. Ndiyo maana mbegu za nyasi za uani nazo hupandwa mwanzoni mwa majira haya, kwenye sehemu zilizokuwa vipara.

Kuna mimea ambayo baridi ni sehemu ya mahitaji yake. Kitunguu saumu kisichopata wiki kadhaa za baridi huweza kukua kikiwa bonge moja lisilogawanyika punje. Hupandwa Oktoba au Novemba. Punje hutenganishwa kwa mkono, kubwa zikachaguliwa, na kila moja hufukiwa ncha ikiwa juu, umbali wa sentimita 15 kutoka nyingine, na udongo wa sentimita 2 hadi 3 juu ya ncha. Ndege hupenda kuzing'oa punje zinazochungulia, kwa hiyo wengi huzifunika kwa wavu mpaka zitoe mizizi. Mavuno hufika kiangazi kinachofuata.

Maua ya dafodili na tulipu nayo huota kutokana na tunguu zinazohitaji baridi ili zichanue. Kina cha shimo huwa mara mbili hadi tatu ya kimo cha tunguu yenyewe. Dafodili hupandwa Septemba, kwa kuwa huanza mizizi mapema. Tulipu husubiri hadi Novemba, udongo ukiwa umepoa, na kuchelewa huko hupunguza ugonjwa wa ukungu unaobabua majani yake. Kuanzia Novemba pia huuzwa miche ya miti ya matunda iliyong'olewa bila udongo kwenye mizizi. Miche hiyo ni nafuu kuliko ya kwenye vyungu, na hupandwa ikiwa imelala, kabla ya Machi kwisha.

Maua yanayoingizwa ndani

Maua mengi yanayopamba bustani za Uingereza kiangazi ni wageni kutoka nchi za joto. Jeraniamu za vyungu zina asili ya Afrika Kusini. Hupunguzwa matawi na kuwekwa dirishani au ndani ya nyumba ya vioo isiyopata sakitu. Impatiens walleriana, ua la kivulini ambalo asili yake ni Afrika Mashariki, kwa kawaida huachwa life na kupandwa upya mwaka unaofuata. Ua la Usambara, Saintpaulia, lililopata jina lake la kitaalamu mwaka 1893, hukaa ndani ya nyumba mwaka mzima, lakini Oktoba husogezwa karibu na dirisha kwa sababu ya uhaba wa mwanga, na hupunguziwa maji.

Dalia, yenye asili ya Mexico, huachwa nje mpaka sakitu ya kwanza iyafanye majani yake kuwa meusi. Hapo mashina hukatwa yakabaki sentimita 10 au 15, na viazi vyake huchimbwa taratibu kwa uma wa bustani. Hutundikwa kichwa chini kwa wiki mbili ili maji yaliyo ndani ya mashina yenye uwazi yachuruzike, kisha hufukiwa kwenye mchanga mkavu mahali pasipoganda.

Majani na udongo

Majani ya miti hubadilika rangi kwa sababu klorofili, ambayo ndiyo hutia ukijani, huvunjwavunjwa na virutubisho vyake kurudishwa kwenye matawi. Rangi ya njano iliyokuwa imefichika huonekana. Kisha utando mdogo hujengeka kwenye kikonyo na jani kuanguka. Yakiachwa juu ya nyasi za uani, majani hayo huzinyima mwanga na kuziozesha, kwa hiyo hukusanywa kwa reki. Hayatupwi. Hujazwa kwenye mifuko iliyotobolewa, yakalowanishwa na kuachwa pembeni. Kazi ya kuyaozesha hufanywa zaidi na kuvu, na hiyo huenda polepole: baada ya mwaka mmoja mboji yake hufaa kwa matandazo, na baada ya miaka miwili huwa laini kiasi cha kuoteshea mbegu.

Mabaki mengine ya bustani huenda kwenye rundo la mboji, yakichanganywa mabichi na makavu. Majani ya viazi na nyanya yaliyoshikwa na ukungu huzuiwa kuingia humo. Matunda yaliyonyaukia mtini huondolewa, kwani hubeba vimelea vya uozo hadi mwaka mwingine. Mashina ya maharage hukatwa usawa wa ardhi na mizizi kuachwa, kwa kuwa vinundu vyake vina naitrojeni.

Adui mkubwa wa udongo mtupu ni mvua ya baridi, inayoosha naitrojeni na kuigandamiza ardhi. Tuta lililoachwa wazi hufunikwa kwa samadi iliyooza, kwa mboji, au kwa zao la kufunika ardhi kama vile rai, linalopandwa Septemba au Oktoba na kulimiwa chini kabla ya msimu mpya. Udongo wa mfinyanzi ukishalowa haukanyagwi wala kulimwa, maana hushikamana kama tofali.

Wadudu, wanyama na vifaa

Usafi wa bustani una mpaka wake. Wadudu kobe, wanaokula vidukari, hujificha ndani ya mashina makavu, na ndege hula mbegu za maua yaliyonyauka. Baadhi ya mashina huachwa hadi majira ya kuchipua. Kalunguyeye hulala msimu wote wa baridi ndani ya marundo ya majani na kuni. Kwa sababu hiyo, marundo yaliyoandaliwa kwa mioto ya sherehe za kila mwaka za usiku wa tarehe 5 Novemba huhamishwa au kukaguliwa kabla ya kuwashwa. Mitufaha, kwa upande wake, hufungwa shinani utepe wenye grisi kufikia mwisho wa Oktoba. Jike la nondo wa majira ya baridi halina mabawa ya kurukia. Hupanda mti kwa miguu ili kutaga mayai, na hunasa hapo.

Maji huongezeka ujazo yanapoganda, na nguvu hiyo hupasua vyungu vya udongo na mabomba. Vyungu huinuliwa juu ya vigingi ili vichuruzike, mipira ya kumwagilia hukaushwa na kukunjwa, na bomba la nje hufungwa maji na kuvikwa kitambaa kizito. Majembe, mabeleshi na mikasi husuguliwa matope, hunolewa na kupakwa mafuta.

Kazi inayobaki ni kupogoa. Mitufaha na mipea hupogolewa ikiwa imelala, kati ya Novemba na Machi. Miplamu na micheri haiguswi wakati huo, kwa kuwa vidonda vya baridi huipitishia ugonjwa wa kuvu unaoyapa majani rangi ya fedha na kukausha matawi. Yenyewe hungoja kiangazi.