KULINGANISHA MODELI MBILI ZA DAFTARI LA USAJILI



Kama wewe ni karani wa usajili, mwalimu wa kompyuta au mwakilishi wa mtaa, huenda siku moja utaletewa karatasi yenye visanduku na mishale na kuambiwa: "Hii ni modeli mpya ya daftari, hakikisha iko sawa na ile ya zamani, kisha utie sahihi." Watu wengi hutazama juu juu na kutia sahihi. Tafadhali soma maelezo haya kwanza. Kisanduku kimoja kikikosekana kwenye karatasi ile, siku ya mgao kuna mama atakayeambiwa kwamba watoto wake hawamo.

Modeli ni kitu gani? Kumbuka daftari la mkono. Kabla ya kuandika jina la mtu, mtu alichukua rula akapiga safu: jina, umri, idadi ya watu katika familia, alama ya kidole gumba. Asipopiga safu ya jina la mama, jina la mama halina pa kuandikwa, hata kama karani analijua. Modeli ya programu inafanya kazi ya ile rula. Inasema kuna vitu gani (Mtu, Familia, Kadi, Mahali), kila kitu kina sifa gani, na vinahusianaje: Mtu yumo katika Familia, Familia ina Kadi moja. Katika programu nyingi kompyuta hujenga daftari lenyewe kutokana na modeli. Kwa hiyo kosa la kwenye modeli huingia katika kila ukurasa.

Tutumie mfano wa hapa mpakani. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Walipokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo wa 2008 walihamishiwa Kiryandongo. Sasa tuseme, kwa kufundishia tu, kwamba kuna madaftari mawili ya kompyuta, moja limeanzishwa upande wa Busia ya Kenya na jingine Tororo, na wakubwa wanataka yawe moja. Kabla ya kuunganisha majina ya watu ni lazima kulinganisha modeli. Ukianza na majina, utakuwa unamimina maharagwe katika magunia ambayo hujayakagua kama yana matundu.

Kulinganisha kwa kompyuta si jambo jipya. Katika miaka ya 1970, huko Bell Labs Marekani, ilitengenezwa programu iitwayo diff, na mwaka 1976 James Hunt na Douglas McIlroy waliandika maelezo ya jinsi inavyofanya kazi. Hupokea maandishi mawili, hutafuta mistari iliyo sawa kwa mfuatano ulio mrefu kuliko yote, na kinachobaki ndicho tofauti. Kwa barua au orodha inafaa sana hata leo. Kwa modeli haifai, kwa sababu katika modeli mpangilio wa mistari mara nyingi hauna maana. Fundi akisogeza kisanduku cha Familia kutoka juu ya karatasi hadi chini, diff inaweza kukutolea mamia ya mistari "iliyobadilika", na hakuna kilichobadilika. Karani akiona mamia hayo anachoka, na ile tofauti moja ya kweli inapita hapo katikati.

Ndiyo maana kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli. Mojawapo ni EMF Compare, inayotolewa bure na mradi wa Eclipse. Inasoma modeli kama mti wenye matawi, na kazi yake ina hatua mbili. Kwanza inaoanisha: kipengele hiki cha kushoto ni kipi cha kulia? Pili, kwa kila jozi, inasema nini kimeongezwa, kimeondolewa, kimebadilishwa au kimehamishwa.

Hatua ya pili ni rahisi. Taabu yote iko katika kuoanisha. Kama kila kipengele kina nambari yake ya utambulisho iliyowekwa tangu mwanzo, programu huitumia hiyo. Kama nambari hazipo, inakisia kwa kufanana: jina linalokaribiana, mahali kilipo katika mti, sifa zilizomo ndani yake. Na sisi wa mpakani tunajua majina yanavyodanganya. Chukua neno Kaunti. Upande wa Kenya, tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Kaunti ni ngazi ya juu kabisa chini ya taifa. Upande wa Uganda, Kaunti iko chini ya Wilaya. Kaunti Ndogo nayo ipo pande zote mbili, lakini Kenya ni ngazi ya pili na Uganda ni ya tatu. Programu inayokisia kwa majina itaoanisha Kaunti na Kaunti, Kaunti Ndogo na Kaunti Ndogo, kisha itakuambia kwa furaha kwamba ziko sawa. Wilaya ya Uganda itabaki bila mwenzake, nayo itaonyeshwa kuwa "imeondolewa". Hata jina Busia lenyewe ni mawili: kaunti ya Kenya, na wilaya ya Uganda iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Mtu aliyeandikwa "Busia" peke yake anaweza kurudishwa kwenye nchi isiyo yake.

Kwa hiyo ukiona neno "sawa" kwenye kioo cha kompyuta, elewa kwamba maana yake ni sawa kwa kadiri programu ilivyooanisha. Uliza kwanza imeoanisha kwa nambari au kwa kukisia. Kama ni kwa kukisia, pitia jozi moja moja, na hasa zile za Mahali. Kazi hii ni yako kuliko ya fundi, kwa kuwa fundi kutoka mji mkuu hajui parishi ni nini wala lokesheni ni nini.

Tofauti nyingine huonekana ndogo. Unaweza kukuta mstari mmoja tu: sifa "kitambulisho", aina imebadilika kutoka maandishi kuwa nambari. Watu huupuuza. Lakini kitambulisho cha Kenya cha kizazi cha pili kilikuwa na nambari isiyozidi tarakimu 8, na nambari ya taifa ya Uganda ina alama 14, herufi na tarakimu zikiwa zimechanganyika. Daftari linalokubali nambari tupu litaikataa ile ya Uganda moja kwa moja, au karani aliyechoka ataingiza tarakimu peke yake na kuacha herufi. Na ikiwa nambari inaanza na sifuri, sifuri hiyo hupotea. Mtu yuleyule anakuwa watu wawili, au watu wawili wanakuwa mmoja.

Jambo la tatu ni kubadilishwa kwa jina. Tuseme Tororo wameandika "mlezi" mahali ambapo Busia waliandika "mkuu wa familia". Kama hakuna nambari za utambulisho, programu inaweza kusema kitu kimoja kimeondolewa na kingine kimeongezwa. Ukikubali yote mawili, safu ya zamani inafutwa pamoja na kila kilichoandikwa ndani yake, na safu mpya inaanza tupu. Lakini pia usikimbilie kusema ni kitu kimoja. Mtoto aliyevuka na jirani ana mlezi, na mkuu wa familia yake huenda bado yuko ng'ambo. Hapa jibu haliko ndani ya kompyuta. Waulize waliokuwa wakijaza fomu walikuwa wanamwandika nani.

Tukiweza, tulinganishe modeli tatu badala ya mbili: ya Busia, ya Tororo, na ile ya awali ambayo zote mbili zilinakiliwa kutoka kwayo. Ukiwa na mbili tu, sifa iliyopo Tororo na isiyokuwepo Busia haikuambii kama Tororo waliiongeza au Busia waliifuta. Ile ya awali ndiyo shahidi. Na pale pande zote mbili zilipobadilisha kitu kilekile kwa namna tofauti, programu itaandika kwamba kuna mgongano na kukusubiri uamue. Mgongano si kosa la kompyuta, na wala usione aibu kuuacha wazi mpaka pande zote mbili zikae pamoja.

Tafadhali usichanganye kazi hii na uhakiki wa watu. Mwaka 2018 Serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi nchini kote kwa alama za vidole na mboni za macho. Idadi iliyokuwa ikitajwa ilikuwa kama milioni 1.4, na waliothibitishwa walikuwa karibu milioni 1.1. Pale kilichokaguliwa kilikuwa ni watu waliomo daftarini. Kulinganisha modeli hakukuambii nani yupo na nani hayupo. Kunakuambia kama daftari lina nafasi ya kumwandika akija.

Ukiitwa kufanya kazi hii, kwanza hakikisha kuna nakala ya modeli zote na ya daftari lenyewe, iliyowekwa mbali na kompyuta mnayotumia. Programu nyingi zina kitufe cha kuhamisha tofauti zote kwa mara moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usikibonyeze. Hamisha moja moja, na kila moja iandikwe kwenye karatasi: ilikuwa nini, imekuwa nini, nani amekubali, tarehe gani. Kisha jaribuni modeli mpya kwa familia chache zenye shida: mjane mwenye watoto wa ndugu, mume aliye Busia na mke aliye Tororo, mzee asiye na kitambulisho chochote. Ikiwa hata mmoja wao hana pa kuandikwa, sahihi yako isubiri, na karatasi irudishwe kwa fundi ikiwa na maelezo ya familia hiyo bila majina yao.