KIBALI CHA KUKAA UGENINI KWA NJIA YA MTAJI

Ndugu Wanachama,

Twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeletwa ofisini kwetu na zaidi ya mwanachama mmoja tangu msimu uliopita. Wapo watu wajiitao mawakala wanaopita wakisema kwamba mtu aweza kupata ukaazi wa nchi za nje kwa kuweka mtaji huko, na wengine hushauri mashamba na nyumba ziwekwe rehani kwa ajili hiyo. Mzee mmoja alitujia na karatasi ya rangi nzuri mkononi akauliza, "Bwana Katibu, hii ni kweli au ni mtego?" Siku ile hatukumjibu. Tulimwomba muda tukatazama sheria, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Jambo lenyewe ni kweli. Zipo nchi ambazo humpa mgeni ruhusa ya kukaa kwa sababu ameleta mtaji. Tuchukue Marekani, kwani ndiyo iliyotajwa katika karatasi ya mzee wetu. Bunge la nchi hiyo lilianzisha mpango huo mwaka 1990, nao hujulikana kwa jina la EB-5. Sheria ya Machi 2022 iliweka kiwango cha dola 1,050,000, au dola 800,000 ikiwa biashara iko shamba au mahali ambapo watu wengi hawana kazi. Sheria hiyo hiyo imeagiza viwango virekebishwe kila miaka mitano kuanzia Januari 2027.

Wala fedha peke yake haitoshi. Mtaji huo lazima ulete kazi 10 za kudumu kwa watu wa huko. Tena lazima uwe katika hali ya biashara ya kweli, yaani uweze kupata faida au hasara. Basi wakala akikuahidi kwamba fedha yako itarudi kamili hata iweje, ama haijui sheria, ama hakutakii kheri, kwani ahadi ya namna hiyo yaweza kuliharibu ombi lenyewe.

Ombi likikubaliwa, mwombaji, mkewe au mumewe, na watoto wao walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, hupewa ukaazi wa miaka miwili wenye masharti. Katika siku 90 za mwisho hupasa kuomba masharti yaondolewe, na kuonyesha kwamba mtaji uliwekwa na kazi zikapatikana. Asiyeweza kuonyesha hayo huenda akaukosa ukaazi, na fedha yake imekwisha kuzama.

Wanachama wengine wametuuliza kama ndugu watano waweza kuchangia fungu moja wakapata wote. Haiwezekani. Kila mwombaji hutakiwa atimize kiwango kizima. Ndugu waweza kumpa mmoja wao zawadi, lakini kila aliyetoa ataulizwa fedha aliipata wapi. Na hapa ndipo mkulima wa karafuu hana budi kuangalia sana. Aliyeuza karafuu zake katika kituo cha ZSTC ana stakabadhi, na stakabadhi ni ushahidi. Aliyezivusha usiku kwa magendo hana cha kuonyesha, hata kama fedha anayo.

Yapo pia ya udanganyifu. Katika jimbo la Vermont, huko huko Marekani, wageni kutoka nchi nyingi waliweka mitaji yao katika miradi ya Jay Peak. Mwaka 2016 serikali iliwashtaki wakuu wa miradi hiyo kwa kutumia vibaya zaidi ya dola milioni 200 za wageni hao, na mwaka 2022 wakahukumiwa vifungo. Katikati ya mji wa Newport nyumba zilikwisha kubomolewa kupisha jengo jipya, jengo lisisimame, likabaki shimo. Ikiwa hayo yalitokea mbele ya macho ya serikali yao, sisi tulio mbali namna hii tutasimamia vipi?

Tena milango hii hufungwa. Uingereza iliufunga mpango wake wa wenye mitaji tarehe 17 Februari 2022. Ureno iliondoa njia ya kununua nyumba mwaka 2023, na Uhispania ikaufuta mpango wake wote Aprili 2025. Huenda karatasi uliyoletewa ni ya mlango uliokwisha fungwa. Kwa upande wa Dubai, ambako wengi wetu tuna jamaa, mwenye kununua mali ya dirhamu 2,000,000 huweza kupewa kibali cha miaka 10. Lakini nacho ni kibali tu, si uraia. Na anayewania uraia wa nje akumbuke kwamba sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Ndugu zetu, neno la rehani si geni visiwani. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa mikononi mwa wenye kudai, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isizidi kuwatoka wenyewe. Mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, lakini shamba huondoka kwa sahihi moja. Na wenye eka tatu wajue kwamba ardhi ile walipewa waitumie, si waiuze.

Hatumkatazi mtu kusafiri. Wazee wetu wenyewe walikuwa watu wa bahari. Mwenye uwezo na afanye, lakini kwa wakili aliyesajiliwa katika nchi anayokwenda, na kwa fedha ambayo ikipotea watoto hawatalala njaa.

Mzee wetu tulipomsomea haya alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe hana haja ya Marekani. Alitaka mwanawe asome. Tulimweleza kwamba kibali cha mwanafunzi ni njia nyingine kabisa, wala hakihitaji mtaji wa biashara, ila kukubaliwa na chuo na uwezo wa kulipa karo na gharama za maisha. Tutakaa naye na kijana huyo baada ya mavuno.

Yeyote aliyeletewa karatasi kama ile asione haya. Ailete ofisini tuisome pamoja, kabla ya kutia sahihi.

Wenu katika kazi,
Katibu