Gobore katika Unyamwezi

Gobore (wingi: magobore) ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Katika karne ya 19 magobore yaliingia kwa wingi katika nchi ya Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, kupitia njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Yalitumika kuwinda tembo, kulinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu na kupigana vita.

Tofauti na bunduki za kisasa, gobore halitumii risasi iliyotengenezwa kiwandani ikiwa kamili ndani ya ganda lake. Mtumiaji mwenyewe huchagua aina na kiasi cha baruti pamoja na uzito wa risasi. Uchaguzi huo ndio unaoamua umbali wa kufikia shabaha, nguvu ya pigo na usalama wa mpigaji.

Sehemu na majina yake

Sehemu kuu za gobore ni mtutu, kitako, mtambo wa kufyatulia na mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Karibu na mwisho wa mtutu kuna kifa, tundu dogo linalopitisha moto hadi kwenye baruti iliyo ndani.

Kwa namna ya kuwasha baruti kuna aina mbili kuu:
- Bunduki ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe la gumegume linalogonga chuma. Cheche huwasha kwanza baruti kidogo iliyowekwa nje ya kifa. Mvua au upepo huweza kuizuia isilie.
- Bunduki ya fataki huwashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Haisumbuliwi sana na mvua, lakini fataki zikiisha haina kazi.

Neno "kiasi" lina uhusiano na silaha hizi. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinataja "kiasi cha bunduki" kwa maana ya kifurushi chenye baruti na risasi ya kupiga mara moja.

Baruti

Baruti ya gobore ni baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti (salfa). Mchanganyiko uliozoeleka viwandani una takriban asilimia 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya salfa. Shura hutoa oksijeni, makaa ndiyo yanayoungua, na salfa husaidia moto kushika haraka.

Ukubwa wa chembe una maana kubwa. Chembe ndogo huungua haraka kwa sababu moto unagusa eneo kubwa zaidi kwa wakati mmoja. Chembe kubwa huungua polepole. Kwa hiyo baruti laini ilifaa kuwekwa penye kifa na katika mitutu myembamba, na baruti ya chembe kubwa ilifaa mitutu mipana yenye risasi nzito. Risasi nzito huchelewa kuanza kusogea; ikisukumwa na baruti inayoungua kwa kasi mno, mgandamizo ndani ya mtutu hupanda kabla risasi haijasogea vya kutosha.

Kuongeza baruti maradufu hakuongezi kasi ya risasi maradufu. Sehemu ya baruti ya ziada huungulia nje ya mdomo wa mtutu, huku teke la bunduki na hatari ya mtutu kupasuka vikiongezeka. Hatari nyingine ni risasi isiyoshindiliwa hadi chini. Nafasi ikibaki kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka hata kama baruti imepimwa sawasawa.

Baruti nyeusi ina kasoro mbili zaidi. Kwanza, huharibika ikilowa. Katika nchi ya Tabora, ambako mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, kuhifadhi baruti kavu kulikuwa kazi ya kudumu, na pembe ya mnyama yenye kizibo ilikuwa chombo kizuri cha kuibebea. Pili, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama moshi na masizi. Masizi hayo huvuta unyevu na kuleta kutu, kwa hiyo mtutu huoshwa kwa maji, hukaushwa na kupakwa mafuta.

Uzito wa risasi

Risasi ya gobore kwa kawaida ni tufe la madini ya risasi. Madini haya huyeyuka kwa moto wa kawaida wa fundi na ni mazito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3 hivi. Uzito wa tufe hupanda upesi kuliko upana wake. Tufe lenye kipenyo maradufu lina uzito mara nane.

- Tufe la milimita 16 lina gramu 24 hivi.
- Tufe la milimita 18 lina gramu 35 hivi.
- Tufe la milimita 18 la chuma badala ya risasi lina gramu 24 tu.

Kutokana na hesabu hiyo, risasi ya chuma huanza kwa kasi lakini hupungukiwa nguvu mapema, na ugumu wake hukwaruza mtutu. Risasi ya madini laini husafiri vizuri zaidi ila hubonyea ikigonga mfupa mkubwa. Wawindaji wa tembo katika nchi mbalimbali walichanganya madini ya risasi na bati ili yawe magumu bila kupoteza uzito mwingi.

Kwa wanyama wadogo na ndege tufe moja halifai, kwa kuwa mtutu wa gobore kwa kawaida hauna mifuo ya ndani ya kuizungusha risasi, na shabaha yake si ya uhakika kwa mbali. Badala yake hutumika marisau, yaani punje nyingi ndogo zinazotawanyika. Punje ndogo ni nyingi zaidi kwa uzito uleule, lakini kila moja huishiwa nguvu haraka. Kwa hiyo marisau madogo hufaa ndege wanaokula mtama, makubwa kidogo hufaa tumbili na ngedere, na tufe zima hufaa nguruwe pori anayeharibu mihogo na karanga.

Biashara kwenye njia ya misafara

Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika eneo la Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857. Kutoka pwani ilikuwa safari ya miezi kadhaa, na kila mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Baruti ilisafirishwa katika mapipa madogo, na ilipaswa kuepushwa na mvua na mioto ya kambini.

Baada ya majeshi ya Ulaya kuanza kutumia bunduki zinazojazwa kwa nyuma, magobore yao ya zamani yaliuzwa kwa bei nafuu Afrika. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Kwa watawala wa bara, baruti ilikuwa muhimu kuliko bunduki yenyewe. Bunduki moja hudumu miaka mingi na fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza, lakini baruti huisha kila inapopigwa. Aliyeifunga njia ya pwani aliweza kuzifanya bunduki za adui yake kuwa marungu.

Baruti katika vita vya Unyamwezi

Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo aliusimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Unyanyembe wakati huo, aliandika kwamba Mirambo alidai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipolipwa, bado aliurudisha msafara ulikotoka. Vita vilifuata kati yake na Waarabu wa Tabora, na Agosti mwaka huo Mirambo aliushambulia mji na kuchoma sehemu yake. Askari wake, walioitwa rugaruga, walitumia magobore pamoja na mikuki na mishale. Mirambo alifariki Desemba 1884.

Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, akazuia mashambulizi yao mwaka 1892. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliivunja ngome yake. Inasimuliwa kwamba Isike, alipoona ameshindwa, alijilipua ndani ya ghala lake la baruti kuliko kutekwa.

Mkataba wa Brussels na baruti isiyo na moshi

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa zaidi kwa uzito uleule. Miaka michache baadaye, Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Hivyo tofauti ya baruti ikawa tofauti ya madaraka: serikali za kikoloni zilibaki na silaha mpya, wenyeji wakaachiwa magobore.

Hata hivyo askari wengi wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya 1871 mwaka 1914. Risasi yake ilikuwa na gramu 25 hivi na ilisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Moshi wake ulimfichua askari aliyejificha. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliteka bunduki 455 za kisasa na risasi 600,000 za Waingereza. Tabora ilitwaliwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916.

Baruti isiyo na moshi haifai kabisa kwa gobore. Baruti nyeusi ilizoeleka kupimwa kwa kijiko au kikombe kidogo, lakini kipimo hichohicho kikijazwa baruti ya kisasa kinaweza kuleta mgandamizo unaopasua mtutu na kumkata mpigaji mkono au kumuua.

Ulinganisho na bunduki za kisasa

Katika nchi kama Marekani, wawindaji wa wanyama waharibifu wadogo hutumia bunduki zenye mifuo na risasi za upana wa milimita 5.7 hivi, uzito wa gramu 2.6 hadi 3.9. Kasi yake hupita mita 900 kwa sekunde, wakati tufe la gobore hutoka kwa mita 300 hadi 450. Baadhi yao hujaza maganda wenyewe. Kanuni ni ileile ya gobore: risasi nyepesi huenda na baruti inayoungua haraka zaidi, nzito huenda na inayoungua polepole. Tofauti ni kwamba baruti hupimwa kwa mizani na kwa kufuata majedwali ya mtengenezaji, bila kukisia.

Siku hizi

Magobore bado yanapatikana vijijini, na mafundi wengine huyatengeneza kwa mabomba ya chuma ambayo hayakukusudiwa kustahimili mgandamizo wa baruti. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayemiliki silaha kuwa na leseni. Jeshi la Polisi limetangaza mara kadhaa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore yamekuwa miongoni mwa silaha zilizorudishwa. Mkulima anayesumbuliwa na wanyamapori anaweza kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa maofisa wa wanyamapori wa wilaya.