Nafasi ya Muktadha katika Kufasiri Mitungi ya Michoro ya Naqada II

Miongoni mwa vyombo vya Misri ya kale vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, imo mitungi ya udongo wa rangi hafifu iliyochorwa kwa rangi nyekundu iliyoiva. Mitungi hiyo ni ya kipindi cha Naqada II, takriban kati ya mwaka 3500 na 3200 K.K., kabla Misri haijaungana chini ya mfalme mmoja. Makala haya yanafafanua sifa zake na kubainisha kwa nini mchoro wa mtungi hauwezi kufasiriwa kwa uhakika pasipo kujulikana mahali ulikotoka.

Kwa upande wa malighafi, vyombo vingi vya awali vilifinyangwa kwa tope la mto Nile, ambalo likichomwa huwa jekundu au la kahawia. Mitungi ya michoro ilifinyangwa kwa udongo wenye chokaa unaopatikana kandokando ya jangwa, ambao ukichomwa huwa na weupe uliofifia. Mfinyanzi alichora kwa rangi yenye madini ya chuma kabla ya kukichoma chombo. Kwa hiyo rangi na udongo vilishikamana motoni.

Michoro yenyewe huonesha mashua zenye makasia mengi na vibanda viwili, nguzo zenye alama, ndege mfano wa mbuni, na watu walioinua mikono. Wapo watafiti wanaoihusisha na safari ya marehemu, na wapo wanaoihusisha na ibada au madaraka ya watawala. Kwa kuwa hakuna maandishi yanayoambatana nayo, mahali chombo kilipolazwa kaburini na vitu vilivyozikwa pamoja nacho ndivyo vielelezo vikuu.

Umuhimu wa vielelezo hivyo unadhihirishwa na kazi ya Flinders Petrie. Katika msimu wa 1894 hadi 1895 alifukua eneo la Naqada, na baadaye akayapanga makaburi kwa kulinganisha aina za vyombo vilivyokutwa pamoja katika kila moja. Kwa njia hiyo alipata mfuatano wa nyakati, aliouwekea namba kuanzia 30 hadi 80, bila kutegemea tarehe yoyote iliyoandikwa.

Mtungi ulionunuliwa sokoni hauna nafasi ya moja kwa moja katika mfuatano huo. Zaidi ya hayo, ipo mitungi halisi ya kale isiyokuwa na mchoro, ambayo ilichorwa katika zama za karibuni ili iuzwe kwa bei kubwa. Hapo udongo ni wa kweli, ilhali picha ni ya kughushi. Rangi iliyopakwa baada ya chombo kuchomwa hukaa juu juu, na huweza kupenya katika mipasuko ya kale.

Hivyo basi, mtafiti hana budi kuchunguza kwanza rekodi ya ufukuaji, kisha rangi, ndipo afasiri picha. Akianza na picha, huenda akajenga hoja kuhusu imani za Wamisri wa kale juu ya kazi ya mfanyabiashara wa juzi.