Batli zilizovunja rekodi, tukihesabu kutoka Baleni

Mabaharia wa pwani wana neno lao la kitabu cha safari: batli. Humo huandikwa saa, upepo, mwendo wa chombo na tanga lililochanika. Vijana wa kompyuta husema logi, na kazi ni ile ile. Programu iliyo kwenye seva huandika mstari kila jambo linapotokea: nani kaingia, malipo gani yamekwama, diski imejaa saa ngapi. Zamani batli ilibaki chomboni. Siku hizi hutumwa kwenye wingu, yaani kompyuta za watu wengine mbali huko, ili seva ikizama kitabu kisizame nayo.

Tuseme seva yenyewe iko Baleni, kisiwani Mafia, chini ya kaunta ya duka la jumla. Tuzipime rekodi kutokea hapo.

Kongwe. Miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga syslog ili programu yake ya barua, Sendmail, iwe na pa kuandikia. Aliyoyaanzisha yanatumika hadi leo, pamoja na ngazi zake nane: 0 ni mayowe ya hatari, 7 ni porojo za mafundi. Kasoro yake ni kwamba, kwa desturi ya awali, ujumbe ulirushwa bila kungoja jibu. Ni kama kuachia nazi ielee kutoka Mafia ukitumaini itafika Rufiji.

Ya mbali. Hapa hakuna mshindani. Voyager 1, chombo cha anga kilichorushwa 5 Septemba 1977, iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu, na neno lake huchukua zaidi ya saa 22 kufika. Novemba 2023 ilianza kutuma mambo yasiyosomeka. Machi mwaka uliofuata wahandisi walipokea nakala ya kumbukumbu ya kompyuta yake moja, wakagundua kuna chipu iliyoharibika, wakaihamisha programu sehemu nyingine. Aprili ikaanza tena kueleza hali yake.

Sisi safari yetu ni fupi. Amazon ilifungua kituo chake cha kwanza cha wingu barani Afrika mjini Cape Town, Aprili 2020. Kutoka Baleni, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 3,600. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo ungefika kwa takriban milisekunde 18. Bahati mbaya nyaya hazinyooki, tena hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu pamoja, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Siku kama hiyo ndipo utajua kama logi zako zina pa kusubiri. Fluent Bit, mchukuzi mdogo wa logi anayependwa na wengi, kwa kawaida hushika mzigo kwenye RAM. Umeme ukizimika, mzigo umekwenda. Mpaka umwambie mwenyewe atumie diski.

Kali. Rekodi hii naipa CloudWatch Logs, huduma ya logi ya Amazon. Mstari wenye umri wa zaidi ya siku 14, haupokei. Mstari uliotangulia wakati kwa zaidi ya saa 2, haupokei. Mistari ya furushi moja isipishane zaidi ya saa 24, kwa hiyo kisiwa kilichokatika siku tatu hufungasha batli yake vipande vipande.

Sasa tazama mtego uliotegwa kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki bila mtu kukusudia. Saa yetu iko mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, kwa saa 3. Programu ikiandika saa ya Baleni, kisha mchukuzi akaisoma kama UTC, kila mstari unaonekana umetoka saa 3 zijazo. Mpaka ni saa 2. Yote inakataliwa! Na jibu linalorudi ni la mafanikio. Habari ya kukataliwa imo ndani yake, sehemu ambayo wengi hawaisomi. Aliye Lagos, saa 1 mbele, angeponea chupuchupu kwa kosa lile lile.

Ya samaki mkubwa. Nisingeweza kuitaja Mafia nikamwacha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Watafiti waliwafunga baadhi yao vitoa-sauti, wakazamisha vipokezi majini. Kila potwe alipopita karibu, kipokezi kiliandika. Hakikutuma kokote, batli ilikaa chini ya maji mpaka ilipofuatwa. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalishangaza: potwe waliodhaniwa wamehama msimu ukiisha walikuwa bado wapo jirani, ila hawaonekani juu. Kutoonekana si kuondoka. Kwa hiyo programu yako nayo iandike mstari mmoja kila dakika tano, hata kama haina habari, ili ukimya wake uwe na maana.

Za hatari na za aibu. Desemba 2021 iligundulika kwamba Log4j, chombo cha kuandikia logi katika Java, kikipewa maandishi fulani hakiishii kuyaandika, kinayatii. Karani akageuka mtumwa wa mgeni. Alama ya hatari: 10 kati ya 10. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake milioni 330 wabadili nywila, baada ya kukuta nywila zimeandikwa waziwazi kwenye logi zake za ndani. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inagusa pia taarifa zinazovushwa nje ya nchi. Namba ya simu ya mteja wa Baleni haina kazi Cape Town. Ifute kabla ya kutuma.

Na ukiwa bado hapo kwenye kaunta, angalia seva yako inaandika saa ya wapi.