Nyanya si kiungo cha mchuzi tu

Je, nyanya unayonunua katika kibanda cha mboga mtaani huiona kuwa kitu cha kukolezea mchuzi tu? Basi unaidharau bure.

Asilimia 95 hivi ya nyanya ni maji. Gramu 100 zina kalori zipatazo 18 pekee, hivyo hata anayejichunga asinenepe anaweza kuila bila wasiwasi. Pia ina potasiamu, madini yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Isitoshe, nyanya ina vitamini C. Vitamini hii huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na ndengu. Hili ni jambo muhimu hasa kwa akina mama waja wazito na watoto wadogo, ambao hupungukiwa na damu kwa urahisi. Kwa kuwa moto hupunguza vitamini C, andaa kachumbari ule pamoja na githeri. Chai nayo ingoje kwanza, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo.

Hata hivyo, nyanya iliyopikwa pia ina faida yake. Wekundu wake hutokana na laikopini, ambayo husaidia kulinda chembechembe za mwili. Ukiikaanga kwa mafuta kidogo, mwili huipata laikopini hiyo kwa urahisi zaidi.

Osha nyanya kwa maji safi kabla ya kuzila mbichi. Ikiwa unaugua figo, muulize daktari wako kwanza, maana potasiamu nyingi yaweza kukudhuru.